Nyumba za Umma Zataka Wasimamizi Wanaoijua Kazi

Hapa Buzuruga, kama katika mitaa mingi ya Mwanza, mpangaji humjua mwenye nyumba wake. Aghalabu hukaa chumba cha mbele, au nyumba ya pili, na bati likivuja usiku wa masika, asubuhi mpangaji hubisha hodi kwake. Wataelewana au watagombana, lakini hapana shaka juu ya nani wa kuulizwa. Katika nyumba ya umma mambo si hivyo. Mwenyewe ni taifa zima, yaani sisi sote, na lililo la wote mara nyingi hukosa wa kuulizwa. Kwa hiyo twasema kwamba yule anayewekwa mkoani kuziangalia nyumba hizo si karani wa kupokea kodi tu. Yeye ndiye akaaye mahali pa mwenye nyumba, na kuchaguliwa kwake kwazihusu jamaa zetu kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza tuzitaje nyumba zenyewe. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, punde baada ya uhuru, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuondoa vibanda vibovu mijini na kujenga nyumba ambazo mtu wa kipato kidogo angeziweza. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutwaa majengo. Majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi yakawa mali ya umma, chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na za Shirika. Tena ziko nyumba za watumishi wa serikali, ambazo tangu mwaka 2002 zimo mikononi mwa Wakala wa Majengo. Shirika na Wakala wote wawili wana mameneja wa mikoa. Basi cheo kipo, na swali letu ni juu ya mtu wa kukikalia.

Yafaa awe anajua nini? Tutoe mfano wa hapa hapa kwetu. Mwanza imejengwa juu ya majabali, na kila mtoto wa mji huu anajua hivyo. Lakini nyumba ambayo msingi wake umeshika jabali upande mmoja na udongo upande wa pili haitulii sawasawa. Udongo hushuka, jabali halishuki, na ukuta hupasuka kati. Msimamizi asiyejua ujenzi atapeleka fundi kuuziba ufa kwa saruji. Mwaka wa pili ufa utarudi, naye atapeleka fundi tena, na vitabu vyake vitaonyesha kwamba matengenezo yamefanyika kila mwaka. Kwa makaratasi, huyo ni mtumishi hodari! Anayejua kazi yake atauchimbua msingi mara moja, ajue shida ilipo, ailipie mara moja.

Ajue pia kuthamini. Kwa miaka mingi kodi za nyumba zilibanwa na sheria, hadi mabadiliko ya mwaka 2005, na kodi zile zilikuwa ndogo mno kwa kutengenezea majumba makubwa. Si haki, hata hivyo, kuitupia sheria lawama zote. Tofauti baina ya kodi ya umma na kodi ya mtaani ilizaa biashara tunayoijua kwa jina, ingawa twaona haya kuitaja: kilemba. Mtu hupata nyumba ya umma kwa kodi nafuu, wala haikai. Humpangisha mwingine kwa bei ya mtaani, tena humtoza kilemba kabla ya kumpa ufunguo, na ziada huitia mfukoni. Jina lililo katika daftari ni la mmoja, na wanaolala ndani ni wengine kabisa.

Wako wanaoiona hii kuwa ni werevu wa mjini. Sisi twaiona dhuluma, na anayeumia kwanza si serikali. Anayeumia ni yule mama aliyelipa kilemba kwa akiba ya miaka, akaingia na watoto wake, asipate karatasi yoyote yenye jina lake. Siku mpangaji wa daftarini asipopeleka kodi, watakaotolewa nje na vyombo vyao ni mama na watoto. Wataulizwa mkataba, nao hawana. Fedha zao zimeshaliwa na mtu ambaye pengine yuko mji mwingine.

Uovu huu haukomeshwi kwa matangazo yabandikwayo ukutani. Hukomeshwa na msimamizi atokaye ofisini, apitaye mlango kwa mlango na daftari mkononi, alinganishe jina na uso. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kutoka Dar es Salaam. Wala mkoa huu si mdogo. Mtumishi wa Ukerewe hufikiwa kwa kuvuka ziwa, na wa Kwimba kwa safari ndefu ya barabara. Tena watu wanaongezeka upesi. Hesabu ya mwaka 2012 ilitukuta 2,772,509 katika mkoa mzima, na ile ya 2022 ikatukuta 3,699,872. Watu karibu laki tisa na elfu thelathini wameongezeka kwa miaka kumi, na wote wataka pa kulala.

Jambo la kumweka mtu juu ya makazi ya watu si geni katika historia yetu. Mji wa Kufa ulipojengwa, mwaka wa 17 wa Hijra, Sayyidna Omar aliyafuatilia mambo ya ujenzi wake akiwa Madina. Liwali wake huko alikuwa Saad bin Abi Waqqas, sahaba mkubwa na mshindi wa Qadisiyya. Wanahistoria wasimulia kwamba Saad alijenga kasri na kuitia mlango kwa sababu kelele za soko zilimsumbua. Omar alipopata habari alimtuma Muhammad bin Maslama aende kuuchoma mlango ule, ili watu wasizuiwe kumfikia liwali wao. Baadaye watu wa Kufa walipomshitaki Saad, Omar alituma wachunguzi waulize msikiti kwa msikiti, ijapokuwa hakuwa na shaka na uaminifu wake. Basi ikiwa mtu wa daraja ile aliulizwa, meneja wa mkoa asione vibaya kuulizwa.

Wengine husema msimamizi lazima awe mwenyeji wa mkoa. Hatukubali. Na atoke Mtwara au Kagera, mradi nafasi yake ilitangazwa wazi, sifa zilizotakiwa zikaandikwa kabla ya jina lake kujulikana, na hesabu zake hukaguliwa. Mwenyeji mwenye wajomba wengi mjini huenda akapata taabu zaidi kumtoa mdaiwa.

Kwa vijana wetu tuna neno. Wazazi wengi hutamani mtoto awe daktari au mwanasheria, nao wakisikia uthamini hawajui hata ni kazi gani. Tangu mwaka 2016 iko sheria ya kuwasajili wathamini, na kazi hii ina heshima yake. Yuko Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na kiko Chuo cha Ardhi Tabora, ambacho kwa kijana wa Kanda ya Ziwa si mbali. Haifai kulalamika kwamba nyumba zetu zasimamiwa na wasiojua, ilhali hatupeleki watoto kujifunza.

Na aliyekwisha kuwa mpangaji wa nyumba ya umma asikae akingoja tu. Azitunze stakabadhi zote za kodi katika mfuko mmoja, wala asimpe mtu fedha bila stakabadhi. Bomba likipasuka, aandike barua kwa nakala mbili, atie tarehe na namba ya nyumba, aipeleke kwa mkono, na nakala yake igongwe mhuri wa ofisi. Majirani wenye shida moja waandike barua moja na kutia sahihi wote. Msimamizi akibadilishwa, nakala zile ndizo za kumwonyesha mgeni siku atakapopita mlangoni, kama atapita. Asipopita, ziko siku za kumwona ofisini. Waende watatu au wanne pamoja, na mmoja wao aandike yaliyosemwa.