Haki Isifungwe Jumamosi na Jumapili



Mwenzetu mmoja wa gengi alikamatwa siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni, akienda zamu ya usiku. Aliambiwa kosa lake ni kuzurura. Akatoa kitambulisho cha kazi. Askari akasema hicho hakionyeshi unakwenda wapi. Akaombwa kitu kidogo, naye hakuwa nacho. Akalala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi mlango ukafunguliwa, akaambiwa aende zake. Hakupelekwa mbele ya hakimu, na alipouliza, jina lake halikuwamo katika kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB. Kazini alikuta barua ya kuulizwa kwa nini amekosa zamu tatu. Hakuwa na karatasi hata moja ya kujibia.

Kituo hatukitaji, maana habari hii si ya kituo kimoja. Kila msomaji wa gazeti hili ana ndugu au jirani aliyepitia njia hiyo. Twataka kusema juu ya sheria, na mahali ilipoacha mlango wazi.

Wengi husema Kenya haina sheria ya kumzuia askari mbaya. Hiyo si kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yasema mtu akikamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kusema na wakili. Na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Tena yasema kama kosa adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu huyo asiwekwe mahabusu.

Sheria hizi hazikuja bure. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Ndipo tukapata Katiba, na mwaka 2011 Bunge likatunga Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, pamoja na sheria iliyounda IPOA, mamlaka ya raia ya kuchunguza makosa ya polisi.

Basi kwa nini mwenzetu alilala siku tatu sakafuni? Kwa sababu kifungu kile kile cha 49 chasema kama saa 24 zitakwisha siku ambayo mahakama haiketi, mtu aweza kungoja mpaka mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Askari mwenye nia mbaya anaujua mstari huo kuliko anavyojua mistari mingine yote. Akikukamata Ijumaa jioni, Jumamosi hakuna mahakama, Jumapili hakuna mahakama. Muda wote huo dhamana yako iko mkononi mwa yule aliyekukamata, nawe una mke na watoto wanaokutafuta.

Tarehe 7 Juni 2025 ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo mwalimu Albert Ojwang alikamatwa kwao Homa Bay, akasafirishwa mpaka Nairobi kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni. Jumapili alikuwa maiti. Polisi kwanza walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili wakaona majeraha yasiyolingana na maneno hayo. IPOA nayo ikalieleza Seneti kwamba mitambo ya kamera ya kituo ilikuwa imechezewa. Watu sita walishtakiwa kwa mauaji, watatu kati yao askari. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama, si yetu. Lakini twauliza: ushahidi wa kituo wawezaje kuachwa mikononi mwa kituo?

Sisi watu wa reli tungecheka kama si jambo la kulia. Gari moshi likianguka, dereva huondolewa kwenye injini siku ile ile. Si kwamba amehukumiwa. Aweza kuwa hana kosa hata kidogo. Kitabu cha gadi huchukuliwa, kitabu cha stesheni huchukuliwa, na wengine huketi kuuliza maswali. Hakuna reli duniani inayomwambia dereva, nenda ukajichunguze, kisha utuletee ripoti. Askari akiua au akijeruhi, sheria ya 2011 katika Jedwali la Sita yamtaka mkubwa wake aipashe IPOA habari na kulinda mahali pa tukio. Vizuri. Lakini mashahidi wanakaa mtaa ule ule, na OB iko meza ile ile.

Tusisahau yaliyompata wakili Willie Kimani mwaka 2016. Alikuwa akimtetea mwendesha pikipiki aliyemshtaki askari kwa IPOA. Walipotoka mahakamani Mavoko, wakili, mteja wake na dereva wao wa teksi walitekwa, wakauawa. Wote watatu walikuwa kazini au wakitafuta haki. Hukumu ilitoka mwaka 2022, na mwaka 2023 askari mmoja alihukumiwa kifo, askari wengine wawili na mpelelezi wao wakapata vifungo. Haki ilifika, lakini ilichukua zaidi ya miaka sita, tena katika kesi ambayo nchi nzima ilikuwa ikiitazama. Kesi ya mtu wa gengi nani ataitazama?

Basi twataka mambo matatu yaandikwe katika sheria, yasiachwe kwa hiari ya mkubwa wa kituo.

Kwanza, pawe na hakimu wa zamu Jumamosi na Jumapili katika kila kaunti. Reli hailali Jumapili, hospitali hailali, na seli pia hazilali. Kwa nini haki peke yake ndiyo ipumzike?

Pili, kila anayeingizwa kituoni apewe karatasi yenye namba ya OB, saa aliyokamatwa, na namba ya askari aliyemkamata. Na mtu akifa au akiumizwa mikononi mwa polisi, askari anayehusika aondolewe kituoni saa ile ile, kwa mshahara wake, mpaka uchunguzi wa watu wa nje umalizike. Kadhalika ile ofisi ya wachunguzi wa vifo, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2017, ipewe fedha na watu wa kufanya kazi hiyo.

Tatu, mahakama ikiamuru fidia, sehemu yake itoke kwa aliyevunja sheria. Leo fidia hutoka katika hazina ya Serikali, yaani mfukoni mwetu sisi tunaokatwa kodi. Tunapigwa, kisha tunajilipa wenyewe.

Tuliosoma shule za misheni twakumbuka Paulo alipokamatwa Yerusalemu. Walikuwa tayari kumpiga mijeledi, naye akauliza kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa. Jemadari aliposikia akaogopa, kwa sababu alikuwa amemfunga. Hakuogopa nguvu za Paulo, maana Paulo alikuwa kwenye kamba. Aliogopa kwa kuwa sheria ingemshika yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo dawa. Sheria isiyomgusa mtu ni maandishi ya ukutani.

Wako watakaosema mkimfunga askari mikono, wezi watafurahi. Twawajibu kwamba ishara ya reli haimfungi dereva mikono, ndiyo inayomfikisha. Askari anayefuata sheria watu humpa habari za wezi. Anayetafuta kitu kidogo watu humkimbia, mwizi na mwema pamoja.

Wala hatumchukii askari. Naye ni mfanya kazi, na wengi wao hukaa katika nyumba ambazo hatungependa kukaa. Tena sheria imemnyima chama cha kumtetea. Askari mwema ndiye wa kwanza kuumizwa na askari mbaya, maana wote wawili huvaa nguo moja.

Vyama vya wafanya kazi haviwezi kusema jambo hili si letu. Machi 1922 wafanya kazi wa Nairobi waliacha kazi, wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe, wakapigwa risasi. Serikali ya wakati ule ilihesabu maiti 21. Damu ile ilimwagika kwa ajili ya mtu mmoja aliyefungwa bila kuhukumiwa.

Kifungu cha 119 cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni. Karatasi za saini ziko kwa wawakilishi wa matawi. Kila mmoja atie jina lake, na aliyelala seli bila kuandikwa aeleze siku na saa. Yule mwenzetu wa gengi ametia sahihi ya kwanza.

Umoja ni nguvu.