Nyumba Njema si Mlango

Msimu wa kutafuta nyumba umewadia tena. Mikataba mingi ya wanafunzi hapa Chicago huisha majira ya joto, na tangu mwezi uliopita kundi letu la WhatsApp limejaa picha za fleti za Rogers Park. Karibu kila picha ina dirisha, na nje ya dirisha Ziwa Michigan, buluu na tulivu kama maji ya mtungini.

Hatuwalaumu wanaovutiwa. Baadhi yetu tumelelewa Mwanza, Kisumu, Bukavu na Bujumbura, na ziwa tukiliona tunajihisi tuko nyumbani. Ila maziwa yetu ya kule hayana Januari. Hili la hapa linayo, na mkataba unaoutia saini Julai ni wa miezi kumi na miwili. Kwa hiyo ushauri wetu mwaka huu ni mmoja: ikague fleti kana kwamba nje kuna theluji.

Mtaa wenyewe ni mzuri. Uko kaskazini kabisa mwa jiji, ukipakana na Evanston. Treni ya Red Line ina vituo vya Loyola, Morse, Jarvis na Howard, nayo hupita usiku na mchana. Njia kadhaa zinaishia mchangani kabisa. Kodi huwa nafuu kuliko mitaa ya ziwani iliyo karibu na katikati ya jiji, na si ajabu kusikia Kiswahili cha Kongo dukani.

Swali la kwanza la kumwuliza mwenye nyumba ni hili: joto analipa nani? Majengo mengi ya matofali ya pale ni ya miaka ya 1910 na 1920. Yapo yenye boila moja chini na radieta za chuma vyumbani, na humo kwa kawaida gesi ya joto imo ndani ya kodi. Mengine kila fleti ina mashine yake, na bili inakuja kwa jina lako. Fleti ya dola 1,100 pamoja na joto inaweza kukugharimu kidogo kuliko ya dola 1,000 bila joto. Usikisie. Kanuni za jiji zinamtaka mwenye nyumba akupe makadirio ya gharama ya joto kwa mwezi, iwapo wewe ndiwe utakayelipa. Akisita kukupa, umeshapata jibu.

Pale ambapo joto ni jukumu la mwenye nyumba, ziko namba mbili za kukariri. Kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni, ndani lazima pawe na angalau nyuzi 68 za Farenhaiti mchana, yaani 20 za Selsiasi, na 66 usiku. Mwenzetu mmoja alilala na koti karibu wiki tatu akidhani ndivyo baridi ya Marekani ilivyo, na kwamba kulalamika ni utovu wa adabu kwa mgeni. Alipozijua namba hizo alinunua kipimajoto, akaandika vipimo vya asubuhi na usiku, akampelekea mwenye nyumba kwa maandishi, kisha akapiga simu ya jiji, 311. Boila ilitengenezwa. Kudai haki yako kwa ustaarabu si utovu wa adabu.

Sasa ingia ndani. Madirisha yanayotazama ziwa ndiyo yanayopokea upepo wa mashariki. Pitisha mkono pembezoni mwa fremu. Ukihisi hewa Julai, Januari utaihisi hadi kwenye mifupa. Fungua maji ya moto na uhesabu yanachukua muda gani kufika. Tazama kengele ya moshi na ile ya kaboni monoksaidi, ambayo sheria ya Illinois inataka iwe karibu na vyumba vya kulala. Fuata ngazi za mbao za nyuma mpaka chini, maana siku ya moto ndizo njia yako ya pili. Inua godoro kama fleti ina samani: kunguni wa hapa ni ndugu wa kunguni wa nyumbani, hawana uraia. Rudi tena usiku usikilize treni na majirani.

Jihadharini na lugha pia, sisi tunaojiita wanalugha. Tangazo likisema fleti ni ya "bustani," usitarajie maua. Wenyeji huita hivyo fleti ambayo nusu yake iko chini ya ardhi. Bei yake ni nafuu, lakini mabomba ya jiji hili hubeba maji ya mvua na majitaka pamoja, na mvua kubwa ikinyesha maji huweza kurudi kupitia shimo la sakafuni. Nusa kuta, tafuta alama za maji karibu na sakafu, na umwulize mpangaji wa juu.

Halafu fedha. Amana na ada ya kuhamia si kitu kimoja. Amana ni mali yako iliyo mkononi mwa mwingine. Ada ya kuhamia hairudi. Sheria ya jiji ya wapangaji, iliyopitishwa 1986, inataka upewe risiti ya amana, na uirudishiwe ndani ya siku 45 baada ya kuhama, ikitolewa gharama ya uharibifu ulioufanya wewe. Lakini sheria hiyo haiyagusi majengo yenye fleti sita au pungufu ambamo mwenye nyumba mwenyewe anaishi. Kwa hiyo uliza anaishi wapi. Na siku ya kupewa funguo, piga picha kila ukuta.

Mkitia saini watatu kwa pamoja, kwa kawaida kila mmoja anadaiwa kodi yote. Mmoja akiacha masomo Novemba, wawili waliobaki watalipa fungu lake. Yazungumzeni hayo kabla ya kalamu, hata kama ni marafiki wa chanda na pete. Na anayekwenda nyumbani likizo ya kiangazi ajue kwamba, penye sheria hiyo ya jiji, mwenye nyumba hana ruhusa ya kumkatalia mpangaji wa muda anayefaa, wala kutoza ada kwa ajili hiyo.

Kwa wenzetu wapya mlio bado Nairobi, Muscat au Dar es Salaam: msitume hata dola moja kwa fleti ambayo hakuna mtu mnayemwamini aliyeingia ndani yake. Fedha hizo mara nyingi ni mchango wa ukoo mzima, na zikiliwa na tapeli hakuna wa kumrudia. Tuandikieni anwani. Wanachama wawili watakwenda, watafungua mabomba, watanusa kuta, na watawapigia simu ya video wakiwa sebuleni. Ziwa tutawaonyesha mwishoni, tukimaliza kazi.