OILI YA INJINI NA MSHAHARA WA FUNDI



Shauri hili twaletewa mara kwa mara. Injini ya gari la kampuni yafa, tajiri auliza nani aliyebadilisha oili, na fundi aambiwa gharama itakatwa katika mshahara wake. Kumbe oili ilinunuliwa na ofisi, nayo ilitazama bei, haikutazama nambari. Yatupasa sisi tuzijue nambari hizo, maana fundi asiyeweza kusoma kopo hawezi kujitetea.

Tuseme kopo limeandikwa 5W-30. Nambari ya kwanza, yenye W, yaonyesha wepesi wa oili katika baridi. Ikiwa ndogo, oili hufika upesi juu ya injini gari linapowashwa asubuhi. Nambari ya pili yaonyesha uzito wa oili injini ikiwa moto, ukipimwa kwenye digrii 100 za Selsiasi. Basi 20W-50 ni nzito, na 0W-20 ni nyepesi sana.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba oili nzito ndiyo bora, hasa penye joto kama Mombasa. Kwa injini za zamani maneno hayo yalikuwa na ukweli. Za siku hizi zina njia nyembamba za oili, na nyingi hutumia nguvu ya oili hiyo hiyo kurekebisha wakati wa vali kufunguka. Ukitia 20W-50 mahali pa 0W-20, oili hukawia, vyuma husagana, na petroli huliwa bure. Ukitia nyepesi panapotakiwa nzito, utando wa oili hukatika gari likibeba mzigo.

Nambari ya haki ni ile ya kitabu cha gari. Kitabu kikiwa cha Kijapani, nambari zasomeka vile vile.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukatwa kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa na mfanyakazi kwa makusudi. Kutia oili uliyopewa, baada ya kuonya, si makusudi; lakini lazima uwe na ushahidi. Kwa hiyo andika tarehe, kilomita, nambari ya oili, na jina la aliyeitoa. Ukipewa isiyofaa, sema, uandike kwamba ulisema, kisha umwone mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mshahara nao ni mali.