Anayeketi Dirishani Afundishwe Kwanza



Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Kupata Habari ilifuata mwaka 2016. Haki basi imekwisha kuandikwa. Lakini mwananchi hakutani na Katiba. Hukutana na karani.

Mama afika ofisini kuomba orodha ya waliopewa basari katika wadi yake. Swali la kwanza ni hili: "Unaitakia nini?" Pengine karani hana nia mbaya. Hajaelezwa kwamba, kwa fungu la 4, haki ya raia haipungui kwa sababu anayoitoa, wala kwa ile ambayo ofisi inamdhania. Mama akisema hajui kuandika, huambiwa arudi na mwanawe. Kumbe fungu la 8 linamtaka afisa mwenyewe aliandike ombi hilo na kumpa nakala. Jibu litolewe katika siku 21, na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Ni nani atakayezihesabu saa hizo, ikiwa aliyepokea ombi hajui kwamba zimeanza?

Tena yako mambo ambayo sheria inaruhusu yafichwe, kama vile usalama wa taifa na faragha ya mtu. Karani asiyejua mpaka uko wapi huogopa kukosea, na jibu lililo salama kwake ni "hapana".

Sheria inamfanya mkuu wa taasisi kuwa afisa wa habari, naye aweza kumkabidhi mwingine kazi. Twahofu kwamba kazi itashuka ngazi, mafunzo yabaki juu, katika semina za hotelini.

Huko Texas, Marekani, tangu mwaka 2006 afisa wa umma aliyechaguliwa au kuteuliwa hutakiwa kupata mafunzo ya saa moja hadi mbili katika siku 90 za kwanza. Aweza pia kumtuma mratibu kwa niaba yake. Sisi tungetaka wafundishwe wote wawili, na karani wa mapokezi pamoja nao, kabla ya kupokea ombi lolote.

Viongozi wa jumuiya, ulizeni kwa maandishi katika ofisi zilizo karibu nanyi: afisa wa habari ni nani, na alifundishwa lini? Kiswahili chatosha. Wekeni nakala yenye tarehe. Mkinyimwa jibu, mna siku 30 za kupeleka shauri kwa Ombudsman.