Minofu ya Ulaya, Mifupa ya Naitiri

Msomaji aliyelelewa Naitiri, baina ya mashamba ya mahindi ya Kitale na Bungoma, huenda akauliza sheria za kuuza samaki ng'ambo zinamhusu nini. Ziwa Viktoria liko mbali, na Ulaya iko mbali zaidi. Hata hivyo, samaki humfikia: omena waliokaushwa, pamoja na ule uti wa mbuta uitwao "mgongo wazi", yaani masazo ya viwanda baada ya minofu kukatwa ikapelekwa nje. Jina hilo, kwa maoni yangu, ni ushairi mchungu uliotungwa sokoni pasipo mshairi.

Na tuikumbuke historia. Mnamo Januari 1998, kwa hofu ya kipindupindu, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa hatua hiyo haikufaa, na marufuku ikaondolewa katikati ya mwaka huo. Mwaka wa 1999 ikaja nyingine, na safari hii hatukuwa na la kujitetea: walikuwapo watu waliovua kwa kumwaga sumu ziwani. Ili soko lifunguliwe, ilibidi serikali iteue mamlaka moja ya ukaguzi, itoe vyeti vya afya, ipime masalia ya sumu, na ihakikishe samaki wanateremshwa penye sakafu safi, maji safi, barafu na vyoo. Kenya ilikubaliwa mwishoni mwa mwaka wa 2000, nyuma ya Tanzania na Uganda.

Sina ugomvi na ukali wa masharti hayo. Ugomvi wangu ni kwamba sheria huusindikiza mnofu hadi uwanja wa ndege, ilhali huutupa mfupa langoni mwa kiwanda. Samaki ni yule yule mmoja! Nusu yake husafiri juu ya barafu ikiwa na cheti. Nusu ya pili hupakiwa juani, ikawalisha wenye nchi.

Wapo watakaodai kwamba masharti ya Ulaya yakiletwa sokoni, bei itapanda na maskini atakosa hata huo mfupa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hakuna anayemtaka mama muuza samaki wa Naitiri awe na maabara. Tunataka maji na barafu pale mzigo unapoanzia safari, na mkaguzi asiyegeuza kisogo minofu ikishaondoka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kulindwa afya yake, bila kutaja anaishi Madrid au Tongaren.

Aidha, kanuni hizi huandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mchuuzi ataidai vipi haki asiyoweza kuisoma? Sisi wanafunzi wa Kiswahili, tunaotafsiri hotuba na tamthilia kwa fahari, tuzitafsiri na kanuni za uvuvi. Vikwazo vitakuwapo, mbuta wa Kisumu ndiye sangara wa Mwanza, na wakaguzi wana msamiati wao mgumu. Basi tuanze na vifungu vya maji, barafu na vyoo. Hivyo havihitaji istilahi mpya hata moja.