BARAZA LA NYUMBANI: Gunia la Sajini

Watoto wengi wa kambini sasa wanapanda kilima cha Makerere, na wazazi wao huniuliza: huko wanaishije?

Siku huanza mapema. Wengine hutoka mabwenini, wengine hupanda kutoka nyumba za kupanga za Kikoni, wote wakiwahi viti vya mbele. Juu ya miti korongo wenye vipara husimama kama askari wa zamu. Jengo Kuu lenye mnara wa saa, lililoteketea kwa moto Septemba 2020, lilijengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024. Jioni, harufu ya chapati za mayai, ziitwazo roleksi, huwateremsha wengi hadi Wandegeya. Na hapo Wandegeya ndipo fedha za wazazi huishia.

Jirani yangu, sajini wa polisi, alimpeleka binti yake wa kwanza, nami nikawasindikiza. Sajini alikuwa ametoka zamu, hakupata nafasi ya kuvua sare. Begani alibeba gunia: unga wa mahindi, maharage, karanga za kusaga na sufuria moja. Tulipofika langoni, binti alitazama huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, liache hapa kwa mlinzi. Nitalichukua baadaye."

"Haya, mwanangu," akajibu sajini. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Juma la tatu binti alinijia, macho yamemwiva. Fedha za miezi miwili zilikuwa zimekwisha. Kila jioni alikula Wandegeya pamoja na wenzake, na mara nyingi alilipa yeye, asije akaonekana mnyonge. "Shangazi, usimwambie baba," alinisihi. Nilimwuliza gunia liko wapi. Lilikuwa chini ya kitanda, kamba haijafunguliwa.

Tulilifungua pamoja. Nilimwonyesha kupima maharage kwa kikombe, kuyaloweka usiku ili yaive upesi, na kuyaunga kwa karanga. Kisha nikampa bahasha nne, moja kwa kila juma la mwezi, na sharti moja: fedha zitakapokuja, bahasha ya juma lijalo isiguswe. Lakini habari ya fedha nilikataa kumfichia. "Mwambie baba yako mwenyewe," nilimwambia, "tena leo."

Alimpigia simu mbele yangu, akalia. Sajini alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Maharage yametosha?"

Mwisho wa mwezi sajini alipanda tena kilimani, safari hii amevaa nguo za kiraia. Binti alimpokea langoni, akalitwika gunia kichwani mwake, akawaambia wenzake, "Huyu ni baba. Ni polisi."

Wazazi, kabla mtoto hajaondoka, mfundisheni kupika na kugawa fedha kwa majuma. Cheti cha shule hakifundishi hayo. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba Makerere ilianza mwaka 1922 kwa wanafunzi 14, wakijifunza useremala, ujenzi na umekanika. Kilima hicho kilianza kwa kazi ya mikono. Basi kwa nini mtu auonee haya mkono uliompandisha?