Mpagazi Naye Ana Mapafu

Ndugu wafanyakazi, katika milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, kuna kilele cha Margherita chenye kimo cha mita 5,109. Kilipewa jina la malkia wa Italia mwaka 1906, Luigi Amedeo wa ukoo wa kifalme wa nchi hiyo alipokipanda. Jina la malkia limebaki. Majina ya wapagazi waliobeba mizigo hatuyasikii.

Hata leo wageni hupanda na wapagazi hubeba vyakula, nguo na sufuria. Wengi wao ni Wakonzo wa vijiji vya chini ya milima. Wako wasemao, "Hao wamezoea, huko ni kwao." Sisi tunayakataa maneno hayo. Mtu anayelala nyumbani kwenye mita 1,600 akipelekwa mita 4,500, mwili wake hutaabika kama wa mgeni, maana hewa ya juu ni nyepesi na kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Ujana na nguvu za mabega si kinga.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Anayeyumba kama mlevi, anayesema ovyo, au anayetweta hali amekaa, huenda ubongo wake umevimba au maji yameingia mapafuni. Huyo yuko katika hatari ya kufa. Ateremshwe mara moja, wala asiachwe ateremke peke yake.

Kinga kubwa ni muda. Madaktari hushauri kwamba ukipita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Sasa tazameni njia ya Nyakalengija: kibanda cha John Matte kiko mita 3,400 hivi, Bujuku 3,960, Elena 4,540. Kila hatua inapita kipimo. Dawa yake ni kuongeza siku. Lakini siku ni fedha, na mpagazi haulizwi hesabu hiyo inapopigwa.

Hapo ndipo penye shauri. Mpagazi anayeogopa kukatwa ujira huficha maumivu yake mpaka aanguke. Hofu hiyo twaijua: ni ya mwenzetu wa kiwandani anayeficha kikohozi cha vumbi, na ya mchuma chai anayeficha homa asipoteze siku.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, siku ya mapumziko iwe ndani ya mapatano, na ilipwe. Pili, mpagazi mgonjwa ateremshwe pamoja na mwenzake, na wote wawili wapate ujira kamili. Tatu, kiongozi wa safari awachunguze wapagazi kila jioni kama anavyowachunguza wageni.

Mgeni huambiwa aende polepole, apate kuzoea hewa. Mpagazi naye anastahili hiyo polepole, tena bila kuilipia kwa ujira wake.